Diski ya Pili

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la nne, na sisemi hivyo ili mtu anionee huruma. Nasema ili ujue aliyefungua koleji ya kompyuta pale mjini Nyamira alikuwa mtu wa aina gani, wakati wenye digrii walikuwa wakinywa chai maofisini wakingoja mwisho wa mwezi. Nilichuma chai ya watu. Niliuza ndizi. Nikanunua taipureta kuukuu, nikaketi nje ya ofisi za serikali nikiwapigia watu chapa barua za ardhi kwa vidole viwili. Vidole viwili hivyo ndivyo vilivyozaa kompyuta sita, nilizozitoa Nairobi katika ofisi iliyokuwa ikifungwa, na vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la mbegu.

Kuzitumia sikujua. Kwa nini nijue? Mwenye basi si lazima awe dereva. Niliajiri mwalimu, mama mmoja Mjaluo kutoka upande wa ziwa, mtu wa kanisa, mpole wa sauti lakini mgumu kama jiwe la kusagia. Aliniita Mzee, nami nikamwita Mwalimu, na kwa miaka mitatu hatukukosana. Wanafunzi walikuwa zaidi ya ishirini, wengi wao wasichana, kutoka Itumbe, kutoka Nyacheki, wengine walitembea kwa saa mbili kila asubuhi na viatu mkononi ili wavivae wakifika lami.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwaka wa tatu huo wakaja watu wa mitihani kukagua, wawili, na mikoba. Wakawasha mashine moja, wakatazama, wakanong'ona. Kisha mmoja akaniambia kwamba mfumo uliomo ndani ya kompyuta zangu ni wa wizi.

"Mwizi ni nani?" nikamuuliza. "Mimi nilinunua. Risiti ninayo."

Mwalimu akanivuta kando. "Mzee, ulinunua nyumba. Hukupewa hati ya shamba. Kompyuta ni yako, lakini ule mfumo unaoifanya iamke ni wa watu, na aliyekuuzia hakuwa na ruhusa kuugawa."

Mambo ya hati nayajua. Nimeona ndugu wakikatana mapanga kwa sababu ya hati. Nikairudisha risiti mfukoni. Wale watu wakatupa wiki tatu. Wakirudi Jumatatu baada ya wiki hizo na kukuta mfumo halali, koleji itakuwa kituo cha mtihani na wasichana wangu watafanya mtihani hapo hapo Nyamira. La sivyo, jina la koleji linafutwa katika orodha.

Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, akifanya kazi ya kompyuta katika chuo fulani Nairobi. Nikampigia simu. Akacheka, akasema, "Mjomba, kuna mfumo wa bure. Watu wa nchi nyingi wameutengeneza kwa harambee, kila mtu analeta kipande chake. Kibali kimo ndani. Hakuna atakayekuuliza."

Mimi kitu cha bure hukiangalia mara mbili, lakini wiki moja ilikuwa imeisha na ya pili inaondoka. Akaniambia mfumo wenyewe ni mkubwa mno kupita katika waya wa simu. Angeuweka ndani ya diski ngumu, ile ya chuma inayokaa tumboni mwa kompyuta, aitume kwa basi. Ndani yake mngekuwa na kitu walichokiita picha. Si picha ya mtu. Ni nakala ya CD nzima, ile diski nyembamba inayong'aa, iliyofungwa kuwa mzigo mmoja, na iko mashine maalum ya kuufungua mzigo huo juu ya CD tupu kwa mwanga mkali. Hiyo ndiyo wanaita kuchoma. Picha zilikuwa mbili, kwa maana mfumo ulishinda CD moja. Diski yenyewe aliitoa kwenye mashine ya ofisini kwao, na nikamwahidi kwamba Jumamosi jioni itakuwa ndani ya basi ikirudi.

Ikafika Ijumaa asubuhi ya wiki ya tatu, imefungwa kwa gazeti na taulo. Siku hiyo hiyo nikafanya jambo la kwanza.

Nilimwambia Mwalimu afute mashine zote sita.

"Tungoje tuwe na CD mkononi kwanza, Mzee."

"Mwalimu, umewahi kulima?"

"Nimelima sana."

"Ulipanda mtama juu ya mabua ya mwaka jana?"

Wanafunzi wakacheka. Hakucheka yeye. "Hii si shamba," akasema.

"Kila kitu ni shamba. Mwaka ule nilipong'oa pareto niweke chai, niling'oa yote kwa siku moja. Jirani yangu aling'oa mistari miwili mitatu akingoja aone. Leo ana nini? Ana magugu. Futa."

Akafuta. Kufikia saa ya chakula kompyuta zote sita zilikuwa nyeusi, kila moja na mstari mmoja mweupe wa Kizungu juu kabisa kwenye pembe. Nilipita katikati yake nimefunga mikono nyuma, nikaona shamba lililolimwa vizuri likingoja mvua. Nakuambia nilifurahi. Siku hizi nikikumbuka furaha ile natamani kutema mate.

Jumamosi tukashuka Kisii, mimi na Mwalimu, diski imekaa mapajani pake kama mtoto mgonjwa. Kulikuwa na mzee Mhindi mwenye duka la redio na kompyuta, na kwa ninavyojua yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mashine ya kuchoma. Alizaliwa pale Kisii, nyuma ya duka hilo hilo la baba yake, na Kikisii chake hakikuwa na deni kwa mtu.

"Bwakire, omogaka," akanisalimu. Omogaka ni mzee wa heshima kwetu, na jina hilo silikatai.

Alikuwa na CD tupu tatu zilizobaki kwenye rafu. Nikasema mbili zatosha, ya tatu ni ya shetani. Mwalimu akafungua kompyuta ya duka kwa bisibisi, akaiunganisha ile diski ya Nairobi ndani, akaketi. Yule mzee akaegemea kaunta, akatupa sheria.

"Sikilizeni. Ikianza, haisimami. Ikisimama, hata sekunde, CD imekufa, na haifufuki. Hii haifutwi ukaandika upya. Basi hakuna kugusa, hakuna kuegemea meza, hakuna kufungua kazi nyingine kwenye mashine hii mpaka imalize."

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

"Dakika arobaini. Kama chai inayochemshwa kwa kuni mbichi."

Nikaketi juu ya kreti nikitazama. Kulikuwa na mstari wa buluu uliokuwa ukitambaa, polepole, na chini yake namba. Namba nazijua. Kumi. Ishirini. Mashine ilikuwa ikivuma kwa ndani kama nyuki. Ilipofika mia, mdomo wake ukafunguka, ukatoa CD yenye joto. Mwalimu akaigeuza juani akanionyesha: ukiangalia vizuri unaona upande ulioandikwa umebadilika rangi. Akachukua kalamu akaiandika moja. Nilimpa yule mzee mkono.

Ya pili ikaanza. Ilifika theluthi hivi, akaingia mteja, mwenyekiti wa kamati fulani ya harambee ya kanisa, mwenye haraka na koti la suti. Alitaka kadi zake zichapishwe saa hiyo. Mwenye duka akakuna kichwa. Akasema dakika moja tu. Mwalimu akainua mkono, "Tafadhali, bado—" lakini mzee alikuwa keshafungua zile kadi kwenye mashine ile ile aliyotukataza kuigusa. Nyuki wakanyamaza. Mdomo ukafunguka. CD imekufa.

Mimi sikujizuia. Sijawahi kujifunza.

"Wewe ni mtu mzima au ni mbuzi aliyeachiwa mahindi? Unatunga sheria asubuhi, adhuhuri unaitafuna mwenyewe? Hizo nywele nyeupe umezipata wapi, umeziazima?"

Mwenyekiti wa harambee akarudi nyuma mpaka barabarani. Mwenye duka alisimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Nimekosa, omogaka." Basi. Akaichukua ile CD ya tatu kwenye rafu akampa Mwalimu bila kutaka kitu, akateremsha mlango wa chuma nusu ili mteja asiingie, akavuta kiti akaketi mwenyewe kando ya mashine, mikono juu ya magoti, kama mlinzi wa benki.

CD ya mwisho. Ikaanza saa nane kasoro.

Anayeijua Kisii anajua mvua yetu haihitaji kukaribishwa. Baada ya chakula cha mchana mawingu hukusanyika upande wa milimani, na ikifika saa nane yanakuja na ngurumo, mara nyingine na mawe ya barafu yanayochana majani ya chai kama wembe. Siku hiyo ilikuja nyeusi. Duka likawa giza. Nikaona siwezi kukaa pale nikitazama mstari wa buluu, nikaenda nyuma, kwenye korido nyembamba ya kuelekea stoo. Ukutani palikuwa na mita ya stima na ile swichi kubwa ya kuzimia nyumba nzima.

Sasa nieleze jambo. Kwetu radi si mchezo. Ndugu yangu mkubwa aliuawa na radi. Alikuwa ndani ya nyumba, si nje, amekaa karibu na redio ya waya aliyoinunua kwa kazi ya kuchuma chai Kericho, akisikiliza taarifa ya habari wakati mvua inanyesha. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Tangu siku hiyo, kwangu, ngurumo ikilia karibu kila kitu kinazimwa: redio, taa, hata pasi ya mkaa nakataza isiguswe, wanangu wananicheka. Kioo kinafunikwa. Watu wanakaa kimya mpaka ipite. Sifikirii kabla ya kufanya hivyo. Mkono unakwenda wenyewe, kama mtu anavyoondoa nzi usoni.

Ngurumo ya kwanza ilipiga mbali. Ya pili ilipiga juu ya mji, mwanga na sauti kwa pamoja, mabati yakalia. Nikaona ukuta mweupe kama mchana. Nikaivuta ile swichi.

Kukawa kimya. Mvua tu juu ya mabati.

"Stima imepotea," nikasikia Mwalimu akisema.

"Haijapotea," nikapaza sauti. "Nimezima. Hamsikii radi? Mnataka kufa nyote hapo?"

Nilitoka koridoni nimejaa, nikidhani nimeokoa watu watatu. Mwalimu alikuwa ameketi vile vile, mikono hewani juu ya vibonye, hajaishusha. Mwenye duka alikuwa akinitazama. Kwanza sikuelewa walikuwa wakitazama nini.

"Ilikuwa imefika ngapi?" nikauliza.

"Themanini na sita," Mwalimu akasema.

"Heri CD kuliko maiti," nikasema. Nilisema hivyo kweli. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesimama juu ya jukwaa.

Yule mzee Mhindi akainuka polepole, akashika kiuno. "Omogaka," akasema, "mimi uliniita mbuzi." Akaenda nyuma kurudisha stima. Angenitukana ningepona.

CD ilitoka. Mwalimu akaigeuza karibu na mlango. Sehemu kubwa ilikuwa imeandikwa, na ukingoni ukabaki ukanda mwembamba ambao haukuguswa. Ukanda huo ungetoshea kidole. Akajifunga mtandio kichwani akatoka mvuani, akaingia duka moja moja la mtaa ule na wa nyuma, maduka ya redio, ya vitabu, ya picha. Nilibaki nimesimama chini ya ule mlango nusu nikimwona akitoka kila duka akitikisa kichwa. Mtu mmoja alimwambia CD tupu ziko Kisumu, labda ziletwe Jumanne.

Akarudi ameloa. "Mzee, kuna njia. Tuichukue hii diski ya Nairobi twende nayo Nyamira. Usiku wa leo na kesho niiunganishe ndani ya mashine moja moja, niuvute mfumo kutoka hapo hapo bila CD. Sijawahi kufanya, lakini nimesoma inawezekana. Ipande basi kesho jioni. Wataikuta Jumatatu asubuhi."

Hapo ndipo ningeokoka. Mwanamke ameloa mpaka kwenye mifupa ananipa njia, nami ninamjibu nini?

"Nilisema Jumamosi. Neno langu halina kesho."

"Mpigie simu mpwa wako, umwombe siku moja."

"Mimi siombi watoto."

Akaitazama ile diski, akanitazama. Ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu, na aibu yangu tangu utotoni huvaa nguo za hasira. Nilitaka kile kitu kiondoke machoni pangu. Nikakifunga kwa gazeti na taulo lake kwa mikono yangu mwenyewe, nikakipeleka stendi, nikampa kondakta. Mpwa wangu aliniambia baadaye kwamba kilikaa kwenye ofisi ya basi mpaka Jumatatu adhuhuri, kwa kuwa sikumpigia kumwambia nimetuma, na mkubwa wake hata hakuuliza.

Jumapili baada ya ibada Mwalimu alikuja. Sikumwita. Aliiweka CD ya kwanza kwenye mashine, nami nikasimama nyuma ya kiti chake. Mashine ikaamka! Ikaandika maneno, ikasogea, ikahesabu, nikaanza kujiambia labda, labda. Kisha ikasimama, ikatoa kisanduku katikati ya kioo.

"Inasema nini?"

"Weka diski ya pili."

"Iambie hatuna."

"Haielewi hatuna, Mzee."

Akabonyeza. Ikatulia kidogo, ikatoa kisanduku kile kile. Akabonyeza tena. Kile kile. Akajaribu kuiruka, ikagoma, ikarudi mwanzo. Tulihamia mashine nyingine, kisha nyingine. Zote ziliamka kwa furaha, zikatembea mpaka pale pale, zikaomba kitu kimoja. Jua lilipoanza kuinama Mwalimu aliweka paji la uso juu ya mkono wake, akakaa hivyo. Sikumgusa bega. Nilishuka ngazi nikaenda kusimama mbele ya duka la mbegu lililofungwa.

Jumatatu walikuja wale wawili. Walikuwa na adabu, hata mmoja aliwasalimu wasichana kwa mkono. Akainama mbele ya mashine.

"Mfumo uko wapi?"

"Uko njiani," nikasema.

"Ule wa zamani?"

"Tuliufuta."

"Mlifuta kabla ya kupata mwingine?" Alimgeukia Mwalimu, maana yeye ndiye msomi. "Madam, nani aliamua hivyo?"

Nilingoja. Wasichana walikuwa wamesimama ukutani wote wakisikia, nao walikuwepo siku ile, walijua. Mwalimu akasema, "Tuliamua sisi, koleji." Yule mtu akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko nilivyodhani jambo hilo linahitaji.

Baada ya hapo ilikuwa kama maziwa yaliyomwagika kwenye mteremko. Waliokuwa na jamaa Kisii mjini walihamia koleji za huko. Waliobaki walirudi kuchuma chai. Mama mmoja alikuja kutoka Nyacheki kwa miguu. Nilidhani anakuja kugombana, nikajiandaa kwa maneno. Hakugombana. Alikaa kwenye benchi ya wanafunzi, akauliza kwa Kikisii, taratibu, "Omogaka, mtoto wangu alikosea nini?" Nikamwambia hakukosea. Akangoja nimalize. Akaondoka.

Mwalimu alikaa mpaka mwanafunzi wa mwisho akaondoka. Kisha akaniambia anakwenda kutafuta kazi Kisumu na anahitaji barua kutoka kwangu, ya kusema alifanya kazi kwangu miaka mitatu. Barua zangu zote alikuwa akiziandika yeye, mimi natia sahihi. Hii isingefaa aiandike mwenyewe. Nikanunua karatasi za mistari na kalamu, nikajifungia chumbani kwangu asubuhi nzima.

Niliandika: Huyu alikuwa mwalimu mzuri na mwaminifu. Hapo mkono ukasimama. Kisha nikaandika: Koleji ilianguka kwa makosa yangu mimi, si yake, yeye alinionya. Nikausoma mstari huo. Ulikuwa na maneno machache tu na ulikuwa kweli kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Nikamwona mtu nisiyemjua huko Kisumu akiusoma, akiuliza huyu mzee ni nani, akicheka na wenzake. Nikachukua karatasi safi, nikainakili barua upya, nikauacha mstari huo nje.

Nilimpa. Aliisoma amesimama. Alipofika mwisho aliigeuza akaangalia nyuma ya karatasi, nyuma hapakuwa na kitu, akaigeuza tena. Akaikunja mara mbili akaiweka kwenye Biblia yake.

"Asante, Mzee."

"Safari njema, Mwalimu."

Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi mpaka chini. Kama ile barua ilimsaidia au ilimzuia, sikuwahi kujua. Wale watu wa Kisumu waliomsoma kwa maneno yangu bila shaka walimuuliza koleji yake ya zamani ilikufaje, na alichowajibu nakijua bila kuambiwa. Alisema sisi.